Namna ya kusoma hukumu ya Mahakama Kuu inayotafsiri sheria ya jinai

Hukumu ya Mahakama Kuu inayotafsiri kifungu cha sheria ya jinai humfikia mwananchi ikiwa imekwisha kupita mikononi mwa watu kadhaa: wakili amemweleza mwandishi wa habari, mwandishi ameiandika kwa aya chache, na mhariri ameipa kichwa cha maneno sita. Humo njiani hupotea mambo yale yale ambayo mtu aliye rumande, au ndugu yake anayehangaika nje, alihitaji kuyajua, yaani ni kifungu kipi hasa kilichoguswa, kimeguswa kwa kiasi gani, na kuanzia lini. Mwongozo huu nimewaandikia wasaidizi wa kisheria, waandishi wa habari, wanafunzi na jamaa wa washtakiwa, watu ambao huenda hawakusomea uanasheria lakini wako tayari kukaa na hukumu yenyewe mpaka waielewe.

Mfano wangu mkuu ni hukumu ya Kenya ijulikanayo kama Andare dhidi ya Mwanasheria Mkuu, iliyotolewa na Jaji Mumbi Ngugi katika Mahakama Kuu jijini Nairobi tarehe 19 Aprili 2016. Nimeichagua kwa sababu hoja zake zinafuatana vizuri, na kwa sababu kifungu iliyokishughulikia kiliwagusa watu wa kawaida wanaoandika kwenye simu zao. Pale ambapo mfano huo hautoshi nitaleta kesi nyingine za Kenya, na za Tanzania pia, kwa kuwa katiba za nchi hizi mbili hazimpi jaji uwezo ule ule anapokiona kifungu kina kasoro, na tofauti hiyo inamhusu sana msomaji wa hukumu.

Ipate hukumu yenyewe

Usifanye kazi kwa taarifa ya gazeti wala kwa ujumbe uliosambazwa kwenye makundi ya simu. Hukumu za Kenya zinapatikana bila malipo katika tovuti ya Kenya Law, za Tanzania katika TanzLII na za Uganda katika ULII. Kila hukumu ina alama yake ya utambulisho, na alama hiyo peke yake inakueleza mengi: mwaka, mahakama na namba. Katika hukumu za Kenya za miaka ya karibuni, herufi KEHC ni Mahakama Kuu, KECA ni Mahakama ya Rufaa na KESC ni Mahakama ya Juu, iliyo kileleni mwa mahakama zote za nchi hiyo. Kwa Tanzania, TZHC ni Mahakama Kuu na TZCA ni Mahakama ya Rufani. Hukumu za zamani kidogo za Kenya, ikiwemo ya Andare, hubeba alama ya eKLR.

Hakikisha pia kwamba ulichoshika ni hukumu ya mwisho, si uamuzi mdogo uliotolewa njiani wakati kesi ingali inaendelea. Kosa hili limewaponza wengi. Tarehe 29 Mei 2018 Mahakama Kuu ya Kenya ilisimamisha kwa muda vifungu 26 vya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni, sheria ambayo ilikuwa imetiwa saini siku chache tu kabla, tarehe 16 Mei. Watu walishangilia kana kwamba vifungu vimefutwa, lakini ilikuwa amri ya muda tu, ya kuvizuia visitumike mpaka hoja zisikilizwe. Tarehe 20 Februari 2020 mahakama hiyo hiyo, safari hii mbele ya jaji mwingine, ikalitupa ombi lenyewe. Aliyekuwa anategemea amri ya mwaka 2018 wakati huo alikuwa anategemea kitu kilichokwisha nguvu.

Soma kifungu kabla ya kumsoma jaji

Hapa ndipo wasomaji wengi hukosea mwanzo. Huanza na maneno ya jaji, ambayo mara nyingi ni mazuri na yenye kusisimua, na kufikia mwisho wamekubaliana naye pasipo kukitazama kifungu chenyewe kilichobishaniwa. Fanya kinyume chake. Kitafute kifungu kama kilivyosomeka siku ya kosa linalodaiwa, kiandike kwenye karatasi kwa ukamilifu wake, kisha kigawe: kitendo kinachokatazwa, njia ya kukitenda, sifa inayokifanya kiwe kosa, hali ya nafsi ya mtendaji, na adhabu.

Tukifanye hivyo kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya, kilichokuwa kiini cha kesi ya Andare. Kwa maana yake, kifungu kilisema kwamba mtu anatenda kosa iwapo kwa kutumia mfumo wa mawasiliano wenye leseni anatuma, katika sehemu ya kwanza, ujumbe wenye kuudhi kupita kiasi, au usio na adabu, au mchafu, au wa kutisha. Na katika sehemu ya pili, ujumbe ambao anajua ni wa uongo kwa lengo la kumsababishia mtu mwingine kero, usumbufu au wasiwasi usio wa lazima. Adhabu ilikuwa faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili.

Sasa zilinganishe sehemu hizo mbili kwa utulivu. Ya pili inamtaka mwendesha mashtaka athibitishe mambo mawili kuhusu nafsi ya mshtakiwa, kwamba alijua ujumbe ni wa uongo na kwamba alikuwa na lengo fulani. Ya kwanza haitaji ujuzi wala lengo lolote. Inatazama ujumbe tu. Jiulize, basi, ujumbe unamwudhi nani? Aliyeandikiwa, aliyepita tu akausoma, au hakimu atakayeusoma mahakamani? Kero ndogo inatosha, au sharti iwe kubwa? Sheria haikuwa na fasili ya hata neno moja kati ya hayo. Msomaji aliyekwisha kujiuliza maswali haya kabla ya kufungua hukumu ataisoma akiwa na jicho la kupima, na atajua ni wapi jaji amejibu na ni wapi amepita haraka.

Na usidharau maneno mafupi. Katika kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kinachohusu wizi wa mabavu, neno linaloamua uhai wa mtu ni "au". Kifungu kinataja hali tatu: mshtakiwa awe na silaha au kifaa cha hatari, au awe pamoja na mtu mwingine mmoja au zaidi, au ampige, amjeruhi au amtumie mtu nguvu kabla tu ya wizi, wakati wa wizi au mara baada yake. Mahakama ya Rufaa imeshikilia tangu miaka ya 1990 kwamba upande wa mashtaka hauhitaji kuthibitisha zote tatu, moja inatosha. Mtu aliyekwenda kuiba na mwenzake mmoja, mikono mitupu, bila kumgusa mtu kwa pigo lolote zaidi ya vitisho, anaweza kusimama chini ya kifungu kile kile chenye adhabu ya kifo. Nimewasikia jamaa za washtakiwa wakisema kwa uhakika kwamba kesi itaanguka kwa sababu bunduki haikupatikana. Haianguki kwa hilo.

Tambua swali ambalo mahakama iliulizwa

Maswali yenyewe huwa ya aina mbili, na kuyachanganya ndiko kunakozaa habari nyingi potofu.

Aina ya kwanza ni swali la maana: maneno haya ya kifungu yanasema nini, na je, alichokifanya mshtakiwa kinaingia ndani yake? Hapa jaji hakigusi kifungu, anakieleza tu. Hutafuta maana ya kawaida ya maneno, huyasoma pamoja na vifungu jirani na kusudi la sheria nzima, na maneno yakibaki na utata hata baada ya njia hizo, mshtakiwa ndiye hupewa maana iliyo nafuu kwake. Zingatia sharti hilo la mwisho. Si kila utata humwokoa mshtakiwa, bali ule tu unaobaki baada ya jaji kujitahidi kuuondoa kwa njia za kawaida za tafsiri. Suala la "au" katika wizi wa mabavu ni la aina hii.

Aina ya pili ni swali la uhalali: je, kifungu hiki kinaweza kusimama mbele ya Katiba? Kenya, Ibara ya 165(3)(d) inaipa Mahakama Kuu uwezo wa kulijibu, na Ibara ya 2(4) inasema sheria yoyote isiyopatana na Katiba ni batili kwa kiwango cha kutopatana huko. Maneno "kwa kiwango cha kutopatana" ni ya kushika sana, maana ndiyo yanayomruhusu jaji kukiondoa kifungu chote, au sehemu yake, au neno moja tu, na kuacha yaliyobaki yaendelee kufanya kazi.

Kesi ya Andare ilikuwa ya aina ya pili. Mwombaji alikuwa ameshtakiwa mahakamani Milimani mwaka 2015 chini ya kifungu cha 29 kwa maneno aliyoyaweka kwenye Facebook, ambamo alimlaumu mtu kwa madai ya kuwatumia vibaya wasichana wanaohitaji msaada wa masomo. Mahakama Kuu haikuulizwa kama madai yale yalikuwa ya kweli. Haikuamua kwamba mwombaji alisema kweli wala kwamba aliyelaumiwa ana hatia au hana. Swali lilikuwa kama Jamhuri inaweza kumfunga mtu yeyote kwa kutumia kifungu kilichoandikwa namna ile. Ukikuta mtu anaitaja hukumu hii kama ushahidi wa ukweli au uongo wa maneno yale, jua hajaisoma.

Fuata sababu, si hisia

Ndani ya hukumu kuna mengi: historia ya kesi, hoja za kila upande, nukuu kutoka kesi za nje, maoni ya jaji ya kando. Kinachofunga mahakama za chini ni zile sababu ambazo bila hizo uamuzi usingeweza kufikiwa. Kuzitenganisha ni kazi, na hakuna njia ya mkato, lakini ipo mbinu inayosaidia: kila ufikapo kwenye sentensi nzito, jiulize kama uamuzi ungebaki vile vile iwapo sentensi hiyo ingeondolewa. Ukibaki vile vile, hayo ni maneno ya kando, yenye heshima lakini yasiyofunga.

Katika Andare sababu za lazima ni mbili. Kwanza, jaji aliona kwamba maneno ya kifungu cha 29 ni mapana na yasiyo na mipaka, kiasi kwamba maana yake ingetegemea mtazamo wa kila hakimu anayeletewa kesi, na mwananchi hawezi kujua mapema mawasiliano yake yanaangukia upande gani wa sheria. Sheria inayounda kosa la jinai inatakiwa iwe na uhakika. Hapo jaji aliegemea kesi ya Sunday Times dhidi ya Uingereza, ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyosisitiza kwamba kanuni haistahili kuitwa sheria ikiwa haikuandikwa kwa usahihi wa kumwezesha mtu kuongoza mwenendo wake.

Pili ni uhuru wa kujieleza. Ibara ya 33(2) ya Katiba ya Kenya inataja yale ambayo uhuru huo hauyalindi: propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki, na utetezi wa chuki wa aina zilizotajwa humo. Kuudhi na kukera hakumo katika orodha. Ibara ya 24 nayo inataka kila kizuizi cha haki kiwe cha busara na chenye kuhalalika katika jamii iliyo wazi na ya kidemokrasia, na Ibara ya 24(3) inauweka mzigo wa kuonyesha hivyo juu ya Serikali au yeyote anayetaka kukihalalisha kizuizi. Upande wa Serikali ulisema kifungu kinalinda heshima za watu dhidi ya matumizi mabaya ya mitandao. Jaji hakuidharau haja hiyo, bali aliuliza kwa nini sheria ya madai ya kashfa, ambayo humpa aliyechafuliwa jina fidia bila mtu kufungwa, isitoshe. Serikali haikuubeba mzigo wake, na kifungu kikaanguka.

Naona sababu ya kwanza ndiyo yenye uzito zaidi kwa mtu wa kawaida, hata kama wanaharakati huipendelea ile ya pili. Mtu anaweza kuishi chini ya sheria kali akijua mipaka yake. Ni vigumu kuishi chini ya sheria ambayo mipaka yake inajulikana tu baada ya kukamatwa.

Hata hivyo usiibebe hoja ya utata kama ufunguo wa kila mlango. Tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu hiyo hiyo jijini Nairobi walisikia hoja kama hiyo dhidi ya vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyohusu mahusiano ya kingono yanayoitwa kinyume na maumbile, na wakaikataa. Walisema maneno ya vifungu hivyo, ingawa hayakufasiliwa ndani ya sheria, maana yake imekwisha kuelezwa na kamusi na maamuzi ya awali ya mahakama. Ziweke hukumu hizi mbili pamoja na utaona kigezo kinachofanya kazi: mahakama haiulizi tu kama sheria imefasili neno, inauliza pia kama kuna mahali pengine panapojulikana ambapo mtu angeweza kuipata maana yake. Anayetaka kukishambulia kifungu kingine kwa hoja ya utata sharti ajibu swali hilo la pili, la sivyo Andare haitamfaa.

Zisome amri mstari kwa mstari

Mwisho wa hukumu ndiko kuliko na amri, na amri ndizo zinazobadilisha maisha ya watu. Zinakili neno kwa neno. Kisha tafuta mambo matatu: kilichotangazwa, tarehe ya kuanza kutumika, na wanaonufaika.

Mfano bora wa madhara ya kutozisoma amri ni hukumu ya Muruatetu, iliyotolewa na Mahakama ya Juu ya Kenya tarehe 14 Desemba 2017. Haikutoka Mahakama Kuu, lakini yaliyotokea baadaye katika mahakama za chini ni funzo ambalo sijaona lingine linalolizidi. Kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu kilimtaka jaji amhukumu kifo kila aliyepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia. Mahakama ya Juu ilisema ulazima huo unapingana na Katiba kwa kuwa unamnyima jaji nafasi ya kupima mazingira ya kila mshtakiwa na kumsikiliza anapojitetea juu ya adhabu. Vichwa vya habari vikasema adhabu ya kifo imefutwa. Haikufutwa, jaji bado aliweza kuitoa, ila hakulazimika tena.

Kosa lililofuata lilikuwa kubwa zaidi, na mahakama zenyewe zililifanya. Wafungwa wa wizi wa mabavu, na hata wa makosa ya kingono yenye adhabu za chini zisizopunguzika, walipeleka maombi wakisema Muruatetu inawahusu, na majaji na mahakimu wengi wakakubali na kuwapangia adhabu upya. Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ilitoa maelekezo ikisema wazi kwamba hukumu yake ilihusu kuua kwa kukusudia chini ya vifungu vya 203 na 204 peke yake; uhaini, wizi wa mabavu na jaribio la wizi wa mabavu havikuwemo, na anayetaka kuvipinga afungue kesi yake mwenyewe kuanzia Mahakama Kuu. Fikiria familia iliyokwisha kuambiwa mtu wao anarudi nyumbani. Uchungu huo ungeepukwa kama kila aliyeishika hukumu ya 2017 angeuliza swali moja: ni kifungu kipi kimetajwa katika amri?

Kuhusu makosa ya kingono, mjadala uliendelea. Mei 2022 Mahakama Kuu ya Machakos ilisema adhabu za chini za lazima katika Sheria ya Makosa ya Kingono zinapingana na Katiba pale zinapomnyima hakimu hiari ya kupima. Tarehe 12 Julai 2024 Mahakama ya Juu, katika kesi nyingine iliyopanda kutoka Mahakama ya Rufaa, ilirejesha kifungo cha miaka 20 na kusema adhabu hizo ni halali mpaka pale zitakapopingwa na kubatilishwa kwa utaratibu unaofaa. Kwa kuwa Ibara ya 163(7) inazifunga mahakama nyingine zote kwa maamuzi ya Mahakama ya Juu, anayeifungua hukumu ya Machakos leo na kuishia hapo atakuwa amempotosha mtu aliyemwamini.

Tarehe ya kuanza nayo si jambo dogo. Mwaka 2016 majaji watatu wa Mahakama Kuu ya Kenya walitangaza kwamba vifungu vya wizi wa mabavu na jaribio lake, cha 295 hadi 297, havitofautishi viwango vya kosa kwa usahihi unaotakiwa na Katiba, lakini walilisimamisha tangazo hilo kwa miezi 18 ili Serikali irekebishe sheria. Aliyesoma nusu ya kwanza ya amri alidhani vifungu vimekufa siku ile ile.

Tanzania kuna jambo la ziada ambalo msomaji wa Kenya hawezi kulitarajia. Ibara ya 30(5) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inairuhusu Mahakama Kuu, badala ya kukitangaza kifungu kuwa batili, kuipa Serikali au mamlaka nyingine inayohusika nafasi ya kurekebisha kasoro katika muda na kwa namna itakayoelekezwa, na kifungu huendelea kuhesabiwa halali mpaka kirekebishwe au muda uishe. Kwa hiyo katika hukumu ya Tanzania usitosheke na maneno "kinapingana na Katiba". Endelea mpaka uone mahakama imeamua kifanyiwe nini.

Angalia kama hukumu bado iko hai

Tarehe 18 Mei 2020 Mahakama Kuu ya Tanzania, Dar es Salaam, ilitangaza kwamba kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachonyima dhamana kwa makosa kama kuua, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji wa fedha, kinapingana na Katiba. Kwa watu waliokuwa wamekaa mahabusu miaka bila kesi zao kusikilizwa, habari hiyo ilikuwa kubwa kuliko habari zote. Tarehe 5 Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua, na kifungu kikarudi kusimama kama kilivyokuwa. Haikufika hata miezi mitatu. Hali kama hiyo ilikwisha kutokea kuhusu adhabu ya kifo: Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliiona mwaka 1994 kuwa inapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaamua mwaka 1995 kwamba inaruhusiwa.

Basi tafuta jina la kesi katika mahakama ya juu yake, ukigeuza majina ya pande mbili, maana aliyekuwa mjibu huwa ndiye mrufani. Kisha tazama kama Bunge limegusa kifungu hicho tangu hukumu. Andare iliondoa kifungu cha 29, lakini sheria ya mwaka 2018 niliyoitaja juu ilileta makosa mapya ya taarifa za uongo, vifungu vya 22 na 23, yenye faini ya hadi shilingi milioni tano na vifungo vya hadi miaka miwili kwa kimoja na kumi kwa kingine. Anayeshtakiwa leo kwa maneno ya mtandaoni hawezi kuinua Andare peke yake kama ngao. Lazima aonyeshe jinsi sababu zake zinavyogusa maneno ya kifungu alichoshtakiwa nacho, kisha afuatilie kesi zilizofunguliwa dhidi ya kifungu hicho mpaka ngazi ya mwisho zilipofika.

Kumbuka pia uzito wa aliyeamua. Hukumu ya jaji mmoja wa Mahakama Kuu inawafunga mahakimu, lakini jaji mwenzake wa ngazi ile ile anaweza kuizingatia na bado akafikia uamuzi tofauti, akieleza sababu.

Unapoipeleka kwa anayeihitaji

Mtu wako akiwa gerezani, usimpelekee gazeti wala nakala ya kurasa nyingi bila maelezo. Andika kwenye ukurasa mmoja kifungu alichohukumiwa nacho, kifungu kilichoguswa na hukumu, maneno ya amri, tarehe, na mahakama ya juu zaidi iliyokwisha kulisemea jambo hilo. Ikiwa vifungu viwili vya mwanzo havifanani, mwambie ukweli huo kwanza kabla ya mengine yote.

Ikiwa vinafanana, utaratibu wa kuomba nao uko kwenye maandishi. Kwa waliohukumiwa kifo cha lazima kwa kuua nchini Kenya, maelekezo ya Julai 2021 yanasema ombi la kupangiwa adhabu upya kwa kesi iliyosikilizwa na Mahakama Kuu lipelekwe mahakama hiyo hiyo. Aliye na rufaa inayosubiri katika Mahakama ya Rufaa sharti kwanza Mahakama Kuu iridhike kwamba ameiondoa. Atasikilizwa yeye na upande wa mashtaka, na jaji atatazama mambo kama umri wake, kama lilikuwa kosa lake la kwanza, kama alikiri, mwenendo wake na majuto yake. Kwa hiyo, pamoja na ukurasa wako, anza kukusanya mapema vyeti vya mafunzo aliyoyapata gerezani, taarifa za maofisa wanaomwangalia, na barua za nyumbani zinazoonyesha atapokelewa na nani, kwa kuwa hayo ndiyo jaji atakayoyauliza mara baada ya suala la sheria kumalizika.